Kwa nini pailoti ya kikaangio cha gesi huwaka kisha ikazimika

Fundi wa majiko ya gesi akipigiwa simu kuhusu kikaangio cha biashara, mara nyingi anaambiwa maneno mawili tu: pailoti imeharibika. Pailoti ni ule moto mdogo wa kuwashia vichomeo. Akifika anaweza kukuta lolote kati ya mambo matano yasiyofanana. Huenda moto hauwaki kabisa. Huenda unawaka, ila nobu ikiachiwa unazimika. Huenda unashika vizuri asubuhi kisha unakatika katikati ya kazi, oda zikiwa zimejaa. Huenda pailoti imetulia, ya bluu, haina neno, lakini vichomeo vikubwa havipandi. Au vichomeo vinapanda, ila vinapanda kwa kishindo kinachomfanya mpishi aruke nyuma.

Kwa kuwa yote yanaitwa jina moja, yote hupewa tiba moja. Kwanza nobu inabonyezwa kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Isiposaidia, inanunuliwa thamokapo mpya, yaani kijiti kinachohisi moto wa pailoti. Isiposaidia tena, hujitokeza mtu anayejua njia ya mkato: aunganishe waya moja kwa moja ili moto usizimike tena. Hatua hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Pailoti inayozimika mara nyingi haijaharibika. Imezimwa, na kilichoizima ni kifaa kilichowekwa makusudi ili gesi isijae jikoni na mafuta yasishike moto. Ukielewa kifaa hicho kinavyofanya kazi, utajua tatizo la kwako litafutwe wapi, na utajua pia pale ambapo mkono wako usifike.

Moto mdogo, umeme mdogo

Kikaangio cha gesi ni tangi la mafuta lenye vichomeo chini yake, au lenye mabomba yanayopita ndani ya mafuta huku moto ukipita ndani ya mabomba hayo. Vichomeo huwaka na kuzima kwa amri ya thamostati, kidude kinachopima joto la mafuta na kuamua lini gesi ifunguliwe na lini ifungwe. Kazi nyingi ya kukaanga hufanyika kati ya nyuzi 160 na 190 za Selsiasi. Ili vichomeo viwake kila vinapohitajika, lazima pawe na moto unaovingoja. Moto huo ndio pailoti: mwali mdogo unaowaka muda wote kando ya kichomeo, ukilishwa na gesi inayopita kwenye tundu ambalo upana wake haufiki milimita moja.

Sasa fikiria mwali huo umezimwa na upepo. Thamostati haina macho. Ikiona mafuta yamepoa itaagiza gesi, na gesi itamiminika bila moto wa kuipokea. Hapo ndipo thamokapo inapoingia. Ni kijiti cha chuma ambacho ncha yake imekaa ndani ya mwali wa pailoti, na upande wa pili kina mrija mwembamba wa shaba unaokwenda hadi kwenye vali ya gesi. Ncha hiyo imeundwa kwa metali mbili tofauti zilizounganishwa. Ncha ikiwa ya moto na upande wa pili ukiwa baridi, umeme kidogo hupita, jambo ambalo mwanafizikia Thomas Johann Seebeck aliligundua mwaka 1821. Umeme wenyewe ni mdogo mno: milivolti 20 hadi 30, wakati betri moja ya rimoti ina milivolti 1,500.

Ndani ya vali kuna springi na sumaku ya umeme. Springi muda wote inataka kufunga gesi, na umeme wa thamokapo hauna ubavu wa kuisukuma. Unachoweza ni kushikilia kitu ambacho tayari kimesukumwa. Ni kama mlango mzito wa springi: mtoto hawezi kuufungua, lakini mtu mzima akiufungua, mtoto anaweza kusimama pale ukabaki wazi, na akiondoka tu, unajifunga. Kidole chako kinachobonyeza nobu ndicho mtu mzima, na umeme wa thamokapo ndio mtoto. Kwa hiyo kuishikilia nobu kwa muda kuna maana, maana ncha inahitaji kupata joto, hadi dakika nzima wakati mwingine. Kuibonyeza kwa nguvu hakuna maana yoyote. Nobu ikishafika chini imefika, na nguvu ya ziada haiongezi hata milivolti moja.

Vikaangio vingi vina thamopaili badala ya thamokapo, au vina vyote viwili. Thamopaili ni thamokapo nyingi zilizounganishwa kwa mfuatano ndani ya kijiti kinene kidogo, na hutoa milivolti mia kadhaa. Nyingi hutengenezwa kwa kiwango cha 750. Umeme huo unatosha kushikilia pailoti na pia kufungua vali ya vichomeo kupitia thamostati. Ndiyo sababu mashine za aina hii hazina waya wa kwenda ukutani, na umeme wa jengo ukikatika zinaendelea kukaanga. Ukiona mtu anatafuta fyuzi kwenye mashine ya namna hiyo, mwambie haipo.

Kuna mshiriki wa tatu, na huyu ndiye anayesahaulika kuliko wote: swichi ya kikomo cha joto. Ina kipimo chake ndani ya mafuta, mbali na kile cha thamostati, na imefungwa kwenye njia ileile ya umeme mdogo. Mafuta yakivuka kikomo, ambacho katika mashine nyingi kiko karibu na nyuzi 220 hadi 235, swichi inaukata umeme. Sumaku inaachia, springi inafunga, na kila kitu kinazimika, pailoti ikiwemo. Mwali haukuwa na kosa, na thamokapo haikuwa na kosa. Mafuta mengi ya kupikia huanza kufuka moshi katika joto la jirani na hapo, na yakiachwa yaendelee kupanda hufika mahali yanaposhika moto yenyewe, bila cheche. Swichi ile imewekwa ili yasifike huko.

Kabla ya kushika nobu

Nusa kwanza. Gesi haina harufu kwa asili. Harufu kali unayoijua hutiwa makusudi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini, sakafuni na nyuma ya mashine. Gesi ya bomba, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, ni nyepesi na hupanda juu. Ukiinusa gesi ya mtungi ukiwa umesimama tu, ujue chini ipo zaidi. Harufu ikiwa nzito, hapo si mahali pa kuwasha wala kuzima swichi yoyote ya umeme: funga gesi mwanzoni mwa njia yake, fungua milango, watu watoke.

Hata pasipo harufu, zima nobu kabisa na ungoje dakika 5 kabla ya kuwasha tena. Najua dakika hizo ni ndefu wateja wakiwa mlangoni. Lakini gesi iliyotoka kabla moto haujashika imebaki kwenye chumba cha vichomeo, na ukileta cheche papo hapo itawaka yote kwa mkupuo, ikitokea upande wa mbele, pale ulipoinamisha uso. Angalia pia mafuta: yawe yamefunika mabomba au yamefika kwenye alama ya chini. Kichomeo kikiwaka chini ya tangi lisilo na mafuta ya kutosha, chuma hupanda joto kwa muda mfupi sana na kikomo hukata, au chuma chenyewe huharibika.

Moto usipokuja kabisa

Hapa maswali ni mawili tu: je, cheche ipo, na je, gesi inafika? Kitufe kinacholia "tak" kina kristali ndani yake inayopigwa na nyundo ndogo na kutoa umeme wa volti nyingi kwa kufumba na kufumbua. Ni tabia ya kristali ambayo ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, waliionyesha mwaka 1880. Umeme huo unapita kwenye waya hadi kwenye ncha iliyofunikwa kaure, kisha unaruka pengo la milimita 3 au 4 hivi kuelekea pailoti. Punguza mwanga uangalie. Ukisikia mlio usione cheche, huenda kaure imepasuka, waya umechomoka, au grisi na masizi vimeipa cheche njia nyingine fupi ya kupita. Mahali pa kupangusa ni pale pale.

Mtihani mwepesi ni kuwasha pailoti kwa kiberiti kirefu au kiwashio chenye shingo ndefu, ukiwa umefuata dakika zile 5. Ikiwaka, gesi ipo na kasoro ni ya cheche. Isipowaka, rudi nyuma kwenye njia ya gesi. Vikaangio vyenye magurudumu huvutwa ili pasafishwe nyuma, na wakati wa kurudishwa kiungio cha mpira hakisukumwi hadi mwisho, au koki inaachwa nusu. Mtungi ukiwa umebadilishwa, hewa iliyoingia kwenye bomba lazima itoke kwanza, hivyo pailoti itachukua muda mrefu kuliko kawaida kupata gesi. Ukitaka kujua kama kiungio kinavuja, paka maji ya sabuni uangalie mapovu. Usitumie moto kutafutia mvujo, hata kwa sekunde moja.

Kama gesi inafika kwenye vali lakini haitoki kwenye pailoti, tundu lake limeziba. Grisi, masizi, kutu, na hata buibui wadogo wanaopenda kujenga ndani ya vibomba hutosha kuliziba. Kishawishi ni kuchukua pini na kuchokoa. Acha. Tundu hilo limetobolewa kwa kipimo, na pini ikilipanua kidogo tu, mwali unabadilika umbo na utakusumbua hadi ubadilishe kipande kizima. Husafishwa kwa kufunguliwa, kulowekwa na kupulizwa hewa, na kwa kuwa njia ya gesi inafunguliwa, hiyo ni kazi ya fundi. Kuna jambo jingine kwa aliyenunua mashine iliyotumika: mashine ya gesi ya bomba si mashine ya gesi ya mtungi. Gesi ya mtungi huja kwa shinikizo kubwa zaidi na hutumia matundu madogo zaidi. Ukiunganisha mtungi kwenye mashine ya gesi ya bomba bila kubadilisha nozeli na regulata, utapata miali mirefu kupita kiasi, na ukifanya kinyume chake utapata miali inayofifia. Bamba la chuma lililogongewa mashineni husema ni ya gesi gani.

Inawaka, ukiachia inazimika

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linalomaliza pesa za watu kwenye thamokapo zisizohitajika. Ningeanza na kisichogharimu chochote: kitufe cha swichi ya kikomo. Katika mashine nyingi ni kitufe kidogo, mara nyingi chekundu, nyuma ya mlango wa mbele au chini ya kifuniko kidogo. Kikiwa kimeruka, umeme wa thamokapo haufiki kwenye sumaku, na unaweza kushikilia nobu hadi jioni pasipo mafanikio. Mafuta yakiwa bado ya moto hakitakubali kurudi. Yakipoa, kikibonyezwa utasikia kimejifunga. Pailoti ikishika baada ya hapo, tatizo lako si pailoti. Ni kwamba mafuta yalipita kikomo, na sababu yake bado hujaijua.

Kitufe kikiwa sawa, angalia mwali wenyewe. Inama uutazame vizuri ukiwa umebonyeza nobu. Mwali mzuri ni wa bluu, una mdomo thabiti, hauyumbi, na umeikumbatia ncha ya thamokapo sehemu ya juu, kama sentimita moja hivi. Baada ya dakika moja ncha inaanza kuwa nyekundu iliyofifia. Mwali ukiwa mfupi, ukiramba upande mmoja tu wa ncha, joto halitoshi. Ukiwa wa njano na unatikisika kivivu, hewa inayochanganyika na gesi ni pungufu, kwa kawaida kwa sababu ya uchafu kwenye tundu la hewa la pailoti. Moto wa njano huonekana mkubwa, na wengi huudhani una nguvu zaidi. Kwa kweli ni gesi isiyoungua sawasawa, inayoacha masizi kwenye ncha ileile unayotaka ipate joto.

Kuna na wanaokwenda upande wa pili, wakafungua skrubu ya pailoti hadi mwali ufunike kijiti kizima. Thamokapo inaishi kwa tofauti ya joto. Ukiupasha na upande wake wa chini ambao ungepaswa kuwa baridi, umeme unapungua badala ya kuongezeka, na ncha inaungua mapema.

Mwali ukiwa mzuri na bado haushiki, kinachobaki ni njia ya umeme. Pale thamokapo inapoingia kwenye vali kuna nati. Mashine hutikisika, nati hulegea, grisi huingia katikati, na kwa umeme mdogo kiasi hiki uchafu usioonekana kwa macho unatosha kuukata. Nati hukazwa kwa vidole hadi igome, kisha robo ya mzunguko kwa spana, basi. Anayeikaza kama nati ya gurudumu huponda kihami kilicho mwishoni mwa mrija na kuiua thamokapo iliyokuwa nzima. Mrija wa shaba nao usikunjwe kona kali.

Kwa pailoti inayoshika kwa kusitasita, leo inakubali na kesho inakataa, sikio lako linaweza kupima. Iache pailoti iwake dakika kadhaa hadi ipate joto kamili, vichomeo vikiwa vimezimwa, kisha zima nobu na usikilize karibu na vali. Mwali unakufa hapo hapo, lakini sumaku inaendelea kushikilia kwa joto lililobaki nchani, na itakapoachia utasikia mlio mdogo mkavu, "tak", ndani ya vali. Ukiusikia baada ya nusu dakika au zaidi, thamokapo ilikuwa na akiba ya kutosha. Ukija baada ya sekunde chache tu, umeme ulikuwa ukining'inia pembezoni. Mwenye mita ya kupimia umeme atapata jibu kwa namba: thamokapo iliyopata joto vizuri ikishindwa kufika hata milivolti 15, au thamopaili isiyofika 400, wakati wake wa kubadilishwa umefika. Vali yenyewe ndiyo ya mwisho kushukiwa, kwa kuwa ndiyo ghali zaidi na ndiyo huharibika mara chache zaidi.

Inayozimika katikati ya kazi

Huyu ni mgumu kwa sababu ukimtafuta asubuhi humpati. Muulize aliyekuwa kwenye mashine: mafuta yalikuwa yakifuka moshi? Kama ndiyo, kikomo ndicho kilichokata. Basi chunguza thamostati iliyokwama, kipimo chake kilichovikwa ganda jeusi la kaboni kiasi cha kuchelewa kuhisi joto, au mafuta yaliyoshuka chini ya alama. Mafuta ya kuganda nayo yanastahili tahadhari yake: yakiwekwa mazima na moto ukafunguliwa wote, chuma kinachoyagusa kinapanda joto wakati juu bado ni jiwe. Huyeyushwa taratibu kwanza.

Kama mafuta hayakuwa na moshi, tazama hewa. Feni ya kutoa moshi inavuta hewa nyingi nje, na jiko likiwa limefungwa milango, hewa ya kujaza pengo hilo hutafuta njia yoyote, hata kupitia bomba la moshi la kikaangio ikishuka chini. Mwali wa pailoti unainama, unaachana na ncha, na sumaku inaachia. Ukifungua mlango wa nje na tatizo likapotea, umepata jibu, na dawa si thamokapo bali njia halali ya hewa kuingia. Tazama pia feni ya sakafuni iliyoelekezwa kwa mpishi inapuliza wapi. Tazama juu: watu huweka trei juu ya tundu la moshi ili zikauke, na hapo moshi uliokosa pa kutokea hurudi chini, ukainyima pailoti hewa safi.

Kwa wanaotumia mitungi kuna sababu ya tatu. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na ili igeuke kuwa gesi inakula joto la mtungi wenyewe. Majiko yote yakiwaka kwa pamoja, mtungi unapoa, unaanza kutoa jasho na hata kuvaa barafu kwa nje, na shinikizo linashuka. Pailoti, ambayo ilikuwa na chakula kidogo tangu mwanzo, ndiyo ya kwanza kuhisi. Ukiona barafu kwenye mtungi, ujue unavuta kuliko unavyoweza kutoa. Unahitaji mtungi mkubwa zaidi, au mitungi kadhaa iliyounganishwa. Kuupasha mtungi kwa moto ni kutafuta maafa.

Pailoti ipo, vichomeo havipandi

Anza na nobu. Ni kawaida kabisa mtu kuwasha pailoti na kusahau kuzungusha nobu kutoka alama ya pailoti kwenda alama ya kuwaka. Kisha angalia thamostati imewekwa juu ya joto la sasa la mafuta. Kisha koki ya kumwagia mafuta: mashine nyingi zina swichi inayozuia vichomeo kuwaka koki ikiwa wazi, na koki isiyofungwa hadi mwisho inatosha. Baada ya hapo ni thamopaili iliyochoka, yenye nguvu ya kushikilia pailoti lakini isiyoweza kufungua vali kubwa, au waya zilizolegea.

Kishindo wakati vichomeo vinawaka ni habari nyingine, na hapa sina maneno ya kati: zima mashine, funga koki yake, isitumike hadi itengenezwe. Kishindo maana yake gesi ilitoka, ikangoja, ikakusanyika, ndipo ikaukuta moto. Huenda matundu ya kichomeo yameziba karibu na pailoti, au pailoti ni ndogo au imesogea. Leo inatikisa mlango. Gesi ikingoja kidogo zaidi, itaung'oa.

Mashine zisizo na pailoti ya kudumu

Vikaangio vipya vingi huwashwa kwa kisanduku cha umeme. Thamostati ikiomba joto, kisanduku hutoa cheche na kufungua gesi kwa pamoja, kisha hutaka uthibitisho ndani ya sekunde chache. Uthibitisho huo hautokani na joto bali na mwali wenyewe: mwali unaweza kupitisha umeme kidogo sana, unaopimwa kwa maikroampea, kati ya kijiti cha chuma na kichomeo. Uthibitisho usipokuja, kisanduku hufunga gesi na, baada ya jaribio moja au machache kulingana na mashine, hujifunga na kuwasha taa ya hitilafu.

Ndiyo maana mashine hizi zinaweza kuwaka vizuri machoni pako kisha zikajizima baada ya sekunde chache. Moto upo, ila kijiti kilichovaa masizi hakiwezi kuusema. Mashine ikiwa imezimwa, imepoa na imechomolewa, kijiti hicho hupanguswa taratibu kwa msasa laini. Waya wa ethi ukiwa mbovu matokeo ni yale yale, kwa kuwa umeme huo mdogo hurudi kupitia kwenye mwili wa chuma wa mashine. Kinachonitia hofu ni watu wanaoizima na kuiwasha mfululizo ili ijaribu tena na tena. Kila jaribio hutoa gesi. Ikijifunga mara ya pili, iache.

Kuhusu ile njia ya mkato

Kuunganisha waya ili kuiruka swichi ya kikomo kunafanya kazi. Pailoti itashika, kazi itaendelea, na hilo ndilo linaloipa umaarufu. Fundi anaweza kuiruka kwa dakika moja akiwa na mita mkononi, mafuta yakiwa baridi, ili ajue kama swichi ndiyo mbovu, kisha anairudisha. Ikiachwa hivyo, siku thamostati itakapokwama hakutakuwa na kitu kitakachozima moto, na yule aliyeunganisha waya huenda hatakuwa zamu. Mafuta yakishashika moto hayazimwi kwa maji: tone likizama humo hugeuka mvuke wenye ujazo wa mara 1,700 hivi, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka dari nzima. Vivyo hivyo kufunga nobu kwa utepe au kuikwamisha na kijiti ili ibaki imebonyezwa: umemwondoa mtoto mlangoni ukaweka jiwe.

Kwa hiyo yaliyo yako ni haya: kunusa, kungoja, kuangalia koki na mtungi, kiwango cha mafuta, kitufe cha kikomo, rangi na umbo la mwali, feni na tundu la moshi, na kupangusa palipo wazi mashine ikiwa baridi. Kufungua njia ya gesi, kupima shinikizo, kubadilisha vali, nozeli au swichi ya kikomo ni kazi ya fundi wa gesi, na katika nchi nyingi sheria humtaka awe na leseni. Utakapompigia, usimwambie pailoti imeharibika. Mwambie mwali ni wa rangi gani na unafika wapi kwenye ncha, unazimika ukiachia nobu au baada ya muda gani, feni ilikuwa inawaka au la, mafuta yalikuwa na joto gani, kitufe cha kikomo kilikuwa kimeruka au hakijaruka, na mashine ni ya gesi gani kwa mujibu wa bamba lake. Kwa maelezo hayo atajua abebe kipuri gani, na pengine atagundua kwenye simu hiyo hiyo kwamba hakuna kipuri kinachohitajika.